Wasiwasi wa Shazia ya Saba

Jina lake kamili, jinsi mtaa ulivyolirefusha mwaka hadi mwaka, lilikuwa Fundi Magodoro Mkono Mwepesi Mzee Wasiwasi. Kipande cha kwanza alikipata kwa kazi, cha pili kwa sifa, cha tatu kwa sababu yangu. Alikuwa mtoto wa mwanamume aliyeshona magodoro ya wodi nne za hospitali kwa mwaka mmoja na hakuvunja sindano hata moja. Mjukuu wa aliyeshona matandiko ya punda ambayo punda wenyewe waliyagombania. Kitukuu wa mtu ambaye hakuna anayekumbuka alishona nini, ila wote wanakubali kwamba alishona. Yeye mwenyewe, kabla hajatimiza miaka thelathini na tano, alikuwa ametoa magodoro mia nane kwa mkono wake. Huyo ndiye mume wangu. Watu waliobaki wanakikumbuka kipande cha mwisho tu cha jina lake, na hilo si haki. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini kumbukumbu yangu haikuishia huko.

Karakana yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mlango ukifunguka barabarani. Kulia yalipangwa magunia ya sufi, kushoto ilikaa meza ndefu kuliko kitanda, na katikati ilikuwa sakafu tupu ya saruji, ambapo godoro lililazwa likishonwa. Sufi ni kitu kisicho na adabu. Unaifunga ndani ya gunia, unaikuta kwenye chai. Nyusi zetu zilikuwa nyeupe tungali vijana, na mteja alianza kupiga chafya kabla hajasalimu.

Ukutani, kando ya mlango, ulitundikwa ubao wenye matundu saba, kila tundu na shazia yake. Kwa asiyejua, shazia ni sindano ndefu kupita shubiri, inayoingia juu ya godoro ikatokea chini, ili uzi ukikazwa sufi isihame. Ina hila moja. Uzi ukichomoka wakati sindano imo katikati, godoro huimeza. Huioni wala huigusi. Mtu anaweza kulala juu yake miezi, na siku akigeuka vibaya ikamwingia ubavuni.

Kwa hiyo baba mkwe wangu alimwachia mwanawe sheria: godoro lisivuke kizingiti kabla shazia hazijahesabiwa na watu wawili. Mmoja anatazama ubao anaita, wa pili naye anautazama ndipo anajibu. "Saba!" "Saba!" Mwenye duka la jirani alikuwa akizisikia saba mbili, anajua tunafunga, naye anaanza kuingiza vitu vyake ndani.

Mtu wa pili nilikuwa mimi, na mama mkwe hakupenda.

"Ubao wa sindano na huyu wapi na wapi?" alimwambia mwanawe. "Macho yake yako barabarani muda wote."

Nikamjibu mbele ya wageni kwamba macho yangu yanaona sindano gizani kuliko yake yanavyomwona mgeni mchana. Watu walicheka hadi mama mkwe akaingia ndani. Nilijiona nimeshinda. Mume wangu hakucheka, aliendelea kukaza uzi.

Hazikupita wiki tatu, bweni la wanafunzi wa uuguzi likaagiza magodoro kumi na mawili kwa siku nne. Tulishona tukila wima. Jumamosi alasiri la mwisho lilikuwa bado sakafuni, na wingu jeusi limetanda juu ya paa la kanisa. Mwenye mkokoteni alikuwa anapiga kelele mlangoni.

"Fundi! Mimi sina mkataba na magodoro yako, nina mkataba na mvua!"

"Subiri nifunge fundo!"

"Funga mdomo wa mke wako kwanza, ndiye anayekuchelewesha!"

"Njoo uufunge wewe," nikamwambia, "ujue kama hizo ndevu zako zimeshikiliwa na gundi."

Nilikuwa najaza kona kwa spoki ya baiskeli, maana kijiti chetu cha kusukumia sufi kilivunjika asubuhi. Nilipomaliza nilitaka kuitua ile spoki nisaidie kubeba. Nikaona tundu moja wazi kwenye ubao, nikaichomeka humo. Sikujiuliza kwa nini tundu lilikuwa wazi. Mume wangu, godoro begani, akautazama ubao kutoka upande wa pili wa chumba.

"Saba!"

"Saba!" nikajibu, na sikugeuza shingo. Nilikuwa nimejibu hivyo mamia ya mara. Mdomo ulikuwa umejifunza kwenda peke yake.

Jumapili asubuhi niliingia kufagia, nikaiona spoki ukutani. Nikaichomoa. Nikaitafuta shazia ya saba mezani, chini ya meza, katika mabaki ya kitambaa, ndani ya magunia hadi mkono ukazama begani. Haikuwepo. Ndipo nikasikia ndara zake kwenye ujia. Nikaitupa spoki nyuma ya kabati.

Alisimama mbele ya ubao, akagusa sindano moja moja kwa kidole.

"Sita," alisema. Akarudia. "Sita. Jana si zilikuwa saba?"

Mama mkwe alikuwa amefika nyuma yake na kikombe mkononi. Hakuutazama ubao, alinitazama mimi.

"Zilikuwa saba," nikasema.

Na kweli vilikuwa vitu saba. Juu ya ukweli huo nilijenga uongo nikakaa ndani yake miaka thelathini na moja.

Alikwenda bwenini siku ile ile bila kunywa chai. Mlezi wa bweni, mama mnene mwenye funguo kiunoni, alimsikiliza hadi mwisho kisha akacheka.

"Fundi, wasichana wamelala usiku kucha, hakuna aliyelia. Unataka nipasue magodoro mapya siku ya kwanza? Ondoa wasiwasi."

Alimruhusu kuyabonyeza tu. Mume wangu akapiga magoti kwenye vitanda kumi na viwili, akibonyeza kwa viganja, wanafunzi wamesimama mlangoni wanachekeana. Hakuhisi kitu. Alirudi jioni, akaketi juu ya gunia.

"Lingekuwa jambo moja kama nilisahau kuhesabu," aliniambia. "Mtu anasahau. Lakini mimi nilihesabu. Nilitazama, nikaona saba. Sasa jicho langu nilitumie kufanyia nini?"

Ningeweza kusema wakati ule. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nikasema nitasema kesho. Na kesho yake neno lilikuwa zito kuliko jana, na wiki iliyofuata zito zaidi, hadi likawa kama kabati lile lenyewe, ambalo watu wawili hawalisogezi.

Tangu hapo alibadilika. Alihesabu zile sita asubuhi, adhuhuri na jioni. Akimaliza godoro alilifumua kuhakikisha, akalishona tena, akalifumua tena. Wateja walikuja siku waliyoahidiwa wakakuta sufi imetandazwa sakafuni kama kondoo aliyechinjwa. Watoto wa mtaa wakagundua mchezo: mmoja anapita mlangoni anapaza sauti "Sita!", mwingine nyuma yake anajibu "Saba!", kisha wanatimua mbio. Ndipo alipoitwa Mzee Wasiwasi, na hakuwa mzee.

Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ana jakamoyo, moyo usiotulia. Nilimpeleka kwa Mwalimu, mstaafu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenye kamusi isiyo na jalada, aliyejifunza Kiarabu ujanani mwake akakishika.

"Mwalimu, nina nini?" mume wangu akauliza.

"Mtaa umeshakuambia. Una wasiwasi."

"Hilo hata mtoto analisema. Karibu kiti, usiwe na wasiwasi. Chai inakuja, usiwe na wasiwasi. Mimi nakuuliza ugonjwa."

Mwalimu akavua miwani. "Sisi tumelichosha hilo neno, ndugu yangu. Kule lilikotoka, kwa Waarabu, lilianza kama sauti. Bangili za mwanamke anapogeuka kitandani: was-was, was-was. Mwindaji anayemnong'oneza mwenzake wasimshtue mnyama. Sauti ndogo, huwezi kushika maneno yake. Baadaye wakasema yuko anayenong'ona hivyo hivyo kifuani mwa mtu, yule mshawishi. Ananong'ona, anarudi nyuma, ananong'ona tena. Ndiyo maana neno lenyewe linajirudia. Kusemwa mara moja hakukulitosha."

"Ananong'ona nini?"

"Kila mtu na lake. Mlango umefunga? Mikono umenawa? Hakuambii uongo, hana haja. Anakuomba tu utazame mara moja zaidi. Na wao humwita mtu wa namna yako aliyenong'onezwa. Hawamwiti mwendawazimu."

Mume wangu akasogeza kiti chake karibu. "Mimi ananiambia sita. Namjibu, niliona saba. Ananiuliza, una uhakika uliona?"

"Dawa yake?" nikauliza mimi.

"Mnong'ono hunyamazishwa na mtu anayesema kwa sauti," Mwalimu akasema. "Shahidi. Mtu aliyekuwepo."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama aliyeuliza, hakuwa na lingine. Mimi nikainuka kukusanya vikombe ambavyo havikuwa vyangu, katika nyumba isiyokuwa yangu.

Tulipofika nyumbani aliweka sikio juu ya godoro lililokuwa limeshonwa nusu, akalibonyeza. Sufi kavu ikibonyezwa inatoa mchakacho mdogo. "Sikia," akaniambia, na uso wake ulikuwa karibu kufurahi. "Mwalimu hakukosea. Ndivyo inavyosema."

Mwaka wa tatu zilikuja habari kwamba mwanafunzi mmoja wa bwenini anachechemea. Mume wangu alikimbia hadi kule, akamsubiri msichana getini, akamwomba amweleze imemchoma wapi. Msichana akavua kiatu kipya kilichombana kidole, akamwonyesha lengelenge. Mlinzi wa geti alicheka hadi akakaa chini. Mume wangu alirudi nyumbani. Hakuona aibu yoyote. Kwa nusu siku alikuwa ameamini kwamba imekwisha, kwamba imepatikana, hata kama ni mwilini mwa mtu.

Bweni lilipofungwa, magodoro yaligawanywa kwa wafanyakazi, nao wakayauza au wakawapa ndugu zao. Hapo akapata njia. Alizunguka nyumba hadi nyumba na begi lake, akijitangaza: fundi anachambua sufi upya, bure, godoro linarudi jipya. Watu walishangaa, lakini nani anakataa cha bure? Aliyatambua ya kwake kwa fundo la kona, alilolifunga mara tatu kama baba yake. Akiingia nyumba yenye godoro la mkono mwingine alilichambua pia, asionekane anatafuta. Hivyo kwa kila godoro letu alilolipata alichambua matano ya wengine, na vumbi la hayo yote alilivuta yeye. Kila alipopasua moja la kwetu alichora mstari wa chaki kwenye fremu ya mlango. Ilimchukua miaka kumi kufika mistari mitano.

Magodoro ya sponji yalikuja yakamaliza wateja waliobaki. Nililisha nyumba kwa kushona mapazia na foronya. Binti yetu alikua akiona baba yake akibonyeza kitanda chake kila jioni kabla hajapanda. Alipoolewa alinunua sponji, na baba yake alipomtembelea mara ya kwanza aliibonyeza hiyo pia, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Baba, sponji haina shazia."

"Najua, mwanangu."

"Sasa unatafuta nini?"

"Natazama tu."

Mkwe wetu alitoka nje akajifanya anakagua pikipiki. Binti akaniangalia mimi, nami nikaangalia pazia, ambalo nilikuwa nimelishona mwenyewe na lilikuwa limenyooka vizuri.

Mistari ilifika kumi na mmoja. Godoro la kumi na mbili alilipata kwa dada wa yule mlinzi wa geti, mwanamke mjane anayekaa ng'ambo ya mto, nyumba yenye mlango wa kijani karibu na kinu cha unga. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza Bibi wa Kinu, kama tulivyomwita, alimpa maji akamkatalia. Mara ya pili alimkatalia bila maji. Mara ya tatu alimjibu dirishani.

"Nimelilalia miaka ishirini. Lina umbo langu. Ukilipasua utanikuta mimi ndani!"

"Bibi, huenda kuna sindano."

"Huenda? Ulihesabu au hukuhesabu?"

"Nilihesabu."

"Zilikuwa ngapi?"

"Niliona saba, lakini..."

"Basi zilikuwa saba. Nenda nyumbani, mzee, una wasiwasi." Akafunga dirisha.

Baada ya hapo kifua kilimlaza. Daktari alitazama picha ya mapafu, akauliza mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani, akaandika dawa ya kupunguza kikohozi. Hakuandika ya kuponya. Tulimhamishia karakana, kwa sababu ndicho chumba chenye hewa, na kitanda kikawekwa pale pale palipolazwa magodoro. Ubao aliuona akiwa amelala.

Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji. Alikuwa akiutazama ubao, midomo ikicheza. Nilidhani anahesabu.

"Mke wangu," akasema, "nimekuwa nikifikiri. Labda si lile moja tu."

"Lipi?"

"Kama siku ile niliona saba na zilikuwa sita, basi sijui ni mara ngapi niliona vibaya. Yale mia nane. Ya harusi, ya watoto. Labda kila moja lina kitu ndani. Labda sikuwahi kuwa fundi. Nilikuwa mtu anayeficha sindano kwenye vitanda vya watu." Akakohoa, akasubiri. "Binti akiniuliza baba yake alikuwa nani, sijui nimwambie nini."

Niliweka bakuli chini. Nilikuwa nimezoea kumwona akitafuta sindano moja. Sikujua kwamba ule mnong'ono ulikuwa umerudi nyuma, ukapitia godoro moja moja, hadi kwa lile la kwanza alilolishona na baba yake.

Mama mkwe alikuwa ameshalala kaburini miaka kumi na tisa. Hapakuwa na mtu mlangoni mwenye kikombe. Nilikwenda kwenye kabati, nikaweka bega, nikalisukuma peke yangu. Kumbe linasogea. Spoki ilikuwa pale, nyuma, katika utando wa buibui na sufi ya zamani. Nikaipangusa kwa kanga, nikamwekea kifuani.

"Uliona saba," nikasema. "Sita zilikuwa shazia na moja ilikuwa hii. Niliichomeka mimi. Uliponiita sikutazama, nikajibu. Asubuhi niliitoa kabla hujaingia, na mama yako aliposimama mlangoni nikaona haya kusema."

Alijaribu kunyanyua mkono akaashiria ubao, nikamletea shazia moja. Akaziweka pamoja, sindano na spoki, akazipima. Zililingana kasoro ukucha. Kichwa cha spoki kilichopinda kilikaa kama tundu la sindano.

"Kutoka pale," akasema, akionyesha kwa kidevu upande wa pili wa chumba.

"Kutoka pale, na wingu lile. Mtu yeyote angeona saba."

"Si mtu yeyote," akasema. "Mimi." Akafumba macho, machozi yakapita pembeni yakaingia masikioni. "Kwa hiyo jicho langu lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima."

"Miaka thelathini na moja, bibie."

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Ningeyapokea, hata ningeyapenda. Mchuuzi wa mafuta ya taa alipita barabarani akipiga kengele yake, akaishia mbali, na tusi halikuja. Hakunisamehe, nasema wazi, wala sikumwomba. Alipofumbua macho alikuwa ana uso wa fundi anayegawa kazi, uso nilioolewa nao.

"Bado iko ndani," akasema.

"Najua."

"Kwa yule bibi wa mlango wa kijani. Kumi na moja nimeyaona kwa macho yangu, na macho yangu ni mazima. Kwa hiyo iko kwake. Mgongo wake sasa umezeeka, siku moja atageuka vibaya." Akapumzika apate pumzi. "Mimi nilimwambia huenda kuna sindano. Hakuniamini, kwa sababu nami sikujiamini. Wewe huna wasiwasi. Wewe unajua."

"Atanifukuza."

"Mwambie kama ulivyoniambia. Ubao, spoki, kujibu bila kutazama. Hata la mama yangu mlangoni usiliruke. Mwambie yote, kwa sauti, hata majirani wakisikia. Atakufungulia."

Nilikaa nikitazama mikono yangu. Alijua ninavyojiona, alijua ni kazi gani aliyokuwa ananipa.

"Kata mshono wa ubavu, si wa juu. Toa sufi polepole kwa vidole, usichote. Ukimaliza lichambue, lirudi jipya, ulishone vizuri, fundo la kona mara tatu. Mkasi uko kwenye droo."

"Na sindano nichukue ngapi?"

Akanikabidhi ile iliyokuwa mkononi mwake, akabaki na spoki.

"Chukua moja hii," akasema. "Ukiwa na moja huhitaji wa kukujibu."